Kaimu na Bwana Vigae

Mume wangu ni Kaimu. Sisemi jina lake, nasema cheo, maana cheo kilishakula jina siku nyingi. Amekuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Usafi wa Kuta tangu mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na mtoto huyo sasa meno ya mbele yameshang'oka na mengine yameota. Mtaani wanamwita Kaimu, kazini wanamwita Kaimu, na mimi nikikasirika namwita Kaimu pia, kwa sababu najua panapouma. Kukaimu ni hivi: unafanya kazi yote ya mkuu na unabeba lawama zote za mkuu, ila kiti na heshima vinamsubiri mkuu mwenyewe atakayekuja. Na mkuu mwenyewe haji.

Lakini mwaka huu mambo yakaonekana kunyooka. Mkurugenzi wa manispaa, mama mwenye miwani mikubwa na subira ndogo, alimwita ofisini akamwambia, nikamatie huyu Bwana Vigae, na barua yako ya kuthibitishwa naisaini siku hiyo hiyo. Mume wangu alirudi nyumbani na uso wa bwana harusi. Alipiga pasi tai zake zote mbili. Nami sitajifanya mtakatifu, niliitaka barua ile kuliko yeye.

Bwana Vigae, kwa wewe uliyekuwa umelala, ni mtu asiyejulikana aliyekuwa anabandika picha za vigae kwenye kuta za mji. Si picha za viongozi wala maua. Ni vidubwana vya ile michezo ya video ya zamani, ile ya kutumbukiza sarafu na kushika kijiti: roketi yenye pembe pembe, joka linalotema moto wa miraba mitatu, jamaa mfupi mwenye kofia ya chuma anayekimbia na ngazi begani. Kila kipande ni kidogo kama ukucha wa dole gumba, lakini vikishapangwa unamwona jamaa vizuri kabisa, kama alivyokuwa enzi zile skrini zina mgongo mkubwa. Unapita posta asubuhi ukuta ni mtupu, unarudi mchana kuna joka. Manispaa ikilibandua joka, roketi inaota zahanati.

Basi wakubwa wakafanya kile wakubwa wanachokifanya wakiona tatizo: wakaunda kamati. Iliitwa Kamati ya Muda ya Kudhibiti Vigae Visivyoidhinishwa, na ilikuwa na wajumbe wengi karibu kuvishinda vigae vyenyewe. Mwenyekiti akawa Kaimu. Wakakaa, wakanywa chai, wakaazimia kwamba mhalifu ni mwanamume, ni kijana, anafanya kazi usiku, na huenda amesoma nje. Askari wa manispaa wakalazwa vichakani kumvizia. Waliumwa na mbu wa kutosha, wakakamata mbwa mmoja na wapenzi wawili, na asubuhi kamati ikawapongeza kwa moyo wa kujituma.

Redio nayo ikaleta Mtaalamu wa sanaa, mzee kijana mwenye skafu shingoni hata jua likiwa la kuchoma mawe. Akasema Bwana Vigae ana umri wa kati ya miaka ishirini na tano na thelathini na tano, na kwamba ana jeraha la utotoni ambalo anajaribu kuliziba kwa kigae. Wateja wangu walimpenda sana. Mimi ni msusi, saluni yangu iko chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kipindi kile hakuna kichwa kilichoinama kwenye beseni langu bila nadharia yake.

"Huyo ni tajiri," alisema muuza viatu wa jirani. "Maskini gani ana muda wa kukata vigae?"

"Kaachwa huyo," akasema mteja wa kwenye drayeri, akipiga kelele kwa kuwa hasikii sauti yake mwenyewe. "Mtu akiachwa ndiyo anaanza mambo kama haya. Dada yangu alianza kufuga bata."

Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi chumba cha nyuma, alikuwa amekaa pembeni anakunja taulo zangu. Akauliza, kwa upole wa mtu asiyejua kitu, "Lakini picha zenyewe nzuri, au?"

"Nzuri nini, mama! Zinamtesa mwanao," nikamjibu. Akasema, "Aa, pole yake," akaendelea kukunja taulo.

Ilikuwa Jumanne nilipokwenda kununua dawa ya nywele. Napita nyuma ya posta, naona koni za manispaa zimepangwa kando ya ukuta, na katikati ya koni kuna mtu juu ya kigoda, amevaa reflekta ya manispaa, kile kizibao cha kung'aa, anapaka gundi ya vigae kwa mwiko mdogo. Nikampita. Nakwambia nikampita! Mtu mwenye reflekta si mtu, ni sehemu ya barabara. Askari wa manispaa aliyekuwa mbele yangu, macho mekundu kwa kulala vichakani, alimwamkia.

"Shikamoo mama. Pole na kazi."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo tunajenga taifa."

Sauti ile ndiyo iliyonigeuza shingo. Ni sauti inayonigongea mlango kila asubuhi kuuliza kama maji ya chai yamechemka. Na mgongoni mwa reflekta kulikuwa na doa la mafuta ambalo nimelifua mpaka vidole vikachubuka. Reflekta ya mume wangu. Koni za mume wangu. Juu ya kigoda, mama wa mume wangu, saa nne asubuhi, jua linawaka, anambandika joka jicho.

Nilisimama pale kama niliyepigwa na umeme mpaka alipomaliza, akashuka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mama," nikasema, "si ulisema unakwenda kwenye kikundi cha akina mama?"

"Nimekwenda. Kikundi chenyewe ndiyo mimi."

Hapa inabidi niseme jambo ambalo kwetu halisemwi. Chumba changu cha saluni zamani kilikuwa chumba cha michezo. Mama mkwe alifiwa na mume akabaki na mtoto mmoja, akanunua mashine za michezo zilizochoka, akazipanga humo, na vijana wa mji mzima wakawa wanakuja kumwaga sarafu zao. Sarafu hizo zikamsomesha mume wangu mpaka chuo, zikamnunulia tai ya kwanza. Alipopata ajira manispaa, jambo la kwanza alilofanya, mama yake akiwa safarini msibani, ni kuziuza zile mashine kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu. Na mpaka leo akiulizwa mama yake alikuwa anafanya kazi gani, hujikohoza kwanza, halafu husema, "Alikuwa kwenye sekta ya teknolojia." Atakufa na tai shingoni, mume wangu.

"Niliporudi nikakuta chumba kimepakwa chokaa," mama aliniambia tulipofika nyumbani. Alikuwa amekaa kitandani kwake, na chini ya kitanda, kwenye mabeseni ambayo miaka yote nilidhani ni ya nguo za baridi, kulikuwa na vigae vilivyovunjwa, vimechambuliwa rangi kwa rangi. "Sikusema kitu. Mwanangu kapata kazi, niseme nini? Lakini wale wa kwenye mashine niliwazoea. Baba yake alipokufa, ndio waliokuwa wananichangamsha kutwa nzima. Duka la vigae wanatupa vilivyovunjika, nikasema basi, ngoja niwarudishe mmoja mmoja."

"Na yeye anawabandua mmoja mmoja!"

"Shida iko wapi? Nikibandika, mimi nina kazi. Akibandua, yeye ana kazi. Nyumba nzima tunachapa kazi."

Nikamweleza shida iko wapi. Nikamwambia habari ya Mkurugenzi, na barua, na kwamba mwanawe hatathibitishwa asipomkamata Bwana Vigae. Tabasamu likamfutika usoni. Hakuwa anajua. Angejuaje? Mume wangu na mama yake huongea habari za dawa ya presha na bili ya maji, wakimaliza hapo kila mtu hutazama ukuta wake.

"Kumbe ni mimi niliyekalia kiti cha mwanangu," akasema.

"Mama, acha tu. Usibandike tena. Tutajua la kufanya."

"Sawa, mwanangu."

Mama mkwe akikubali upesi namna hiyo, funga milango. Mimi sikufunga, nikarudi kwa mteja wangu nikijipa moyo kwamba nimeyamaliza. Kumbe ndiyo nimeyaanza.

Alhamisi, mteja aliingia saluni anahema. Bwana Vigae amebandika ukuta wa manispaa yenyewe, chini ya dirisha la Mkurugenzi, yule jamaa wa ngazi, mrefu kama mlango! Nilimwacha muuza viatu na povu kichwani, nikatoka mbio na kitana mkononi.

Uwanja wa manispaa ulikuwa umejaa. Baadaye nilikuja kusikia kwamba askari wa zamu ndiye aliyemshikia mama kigoda, na alimletea maji ya kunywa. Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele ya ukuta, miwani inang'aa kwa hasira. Mtaalamu alikuwepo na skafu yake, redio ilikuwepo na kinasa sauti chake. Mume wangu alikuwa amesimama kando, tai shingoni, reflekta juu ya tai, na kwenye ukingo wa reflekta gundi mbichi ya vigae ambayo hakuna mjumbe hata mmoja wa kamati aliyeiona.

"Mhalifu ametumia koni zetu wenyewe," Mkurugenzi alikuwa anasema. "Kikulacho ki nguoni mwako! Nani humu ndani anamsaidia?"

Mtaalamu akainua kidole. "Mheshimiwa, tusiangalie koni, tuangalie ujumbe. Picha zake zote, bila kuacha hata moja, zinaelekea kushoto. Aliyewahi kucheza michezo hii anajua kwamba ilikwenda kulia. Ushindi ulikuwa kulia. Bwana Vigae amewageuza makusudi, anatuambia kwamba mji huu unarudi nyuma."

Watu wakapiga makofi, hasa wale wasioelewa. Mkurugenzi akauliza nani anarudi nyuma. Na hapo mama mkwe akapenya katikati ya watu, kanga yake kiunoni, vidole vyeupe kwa saruji.

"Msimtafute mtu," akasema. "Ni mimi. Nimekamatwa. Aliyenikamata ni huyu hapa, Kaimu. Mwandikieni barua yake."

Hebu fikiria mtu anajipeleka mwenyewe, mikono ina saruji, na uwanja mzima unavunjika mbavu. Hata yule askari aliyemshikia kigoda alicheka. Mtaalamu akamsogelea na tabasamu la kuwapa watoto pipi.

"Bibi, haya, tuambie. Kwa nini umewageuza?"

"Nimegeuza nini?"

"Hawa. Kwa nini wanakwenda kushoto?"

Mama akautazama ukuta, akamtazama yeye, akautazama tena ukuta. "Si ndivyo wanavyokwenda?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. "Bibi hajawahi hata kuuona mchezo wenyewe!" akapiga kelele mtu wa nyuma. Nilimwona mama akificha vidole vyake kwenye kanga. Picha zake zimebanduliwa miezi na miezi na hakuumia, lakini hilo lilimuuma, na mimi nikaumia naye, kwa sababu hata mimi sikujua amjibu nini. Sikuwahi kuicheza michezo ile.

"Kaimu," Mkurugenzi akasema, "mtoe bibi huyu taratibu, tuendelee na kazi."

Mkurugenzi hakujua kwamba bibi ni mama wa Kaimu. Pale uwanjani hakuna aliyejua ila mimi na mume wangu. Mume wangu alikuwa na njia nyeupe mbele yake: amshike mkono bibi, amtoe getini, aibu iishie hapo. Akasogea hatua moja. Halafu akasimama, anautazama ukuta kwa uso wa mtu aliyeulizwa swali jepesi sana.

"Lakini hawajageuka," akasema.

"Unasemaje?"

"Hawa, mheshimiwa. Hawajageuka. Ndivyo walivyo." Amewabandua kwa mkono wake tangu mwaka uanze, mmoja mmoja, na hakuwahi kuona kasoro yoyote. Nikaona jambo lenyewe linamshukia taratibu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kwenye tai. Akamgeukia mama yake. Walitazamana pale kwa muda, na nadhani kwa miaka mingi hawakuwa wametazamana hivyo.

"Mashine zilikuwa zimetazama ukuta wa nyuma," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, mtu wa redio ikabidi amsogezee kinasa sauti. "Mama alikaa mlangoni na kopo la sarafu, mimi nilikaa chini ya meza yake na madaftari yangu. Kule nyuma alitundika kioo kikubwa cha kujitazamia, awaone wale wanaotumbukiza sarafu yenye uzi halafu wanaivuta. Sisi hatukuwahi kucheza. Sarafu ya kuchezea tungeitoa wapi? Tuliwatazama kwenye kioo kutwa nzima, na kwenye kioo walikuwa wanakwenda kushoto." Akamgeukia Mkurugenzi. "Huyu ni mama yangu. Alikuwa na chumba cha michezo ya video, ndicho kilichonisomesha. Hakuna cha sekta ya teknolojia. Na kazi hii ni yake, hakuna mwingine duniani angekosea hivi."

Mtaalamu akakaza skafu. Miaka ishirini na tano mpaka thelathini na tano ilikuwa imesimama mbele yake na mvi zake na kanga yake.

Mkurugenzi, lakini, ni mtu wa utawala, na mtu wa utawala haachi jambo lining'inie. "Vizuri," akasema. "Kwa hiyo umemkamata. Bibi ni mtu mzima, atapewa onyo. Wewe panda, ubandue hiki kidubwana mbele ya redio, watu waone sheria haina mama. Barua yako nitaisaini leo."

Wakaleta ngazi, wakaleta patasi na nyundo. Mama alikuwa anatabasamu. Alimkunjia mwanawe mikono ya shati, moja baada ya nyingine, kama anampeleka shule.

"Panda, mwanangu. Bandua. Nimemfanya mkubwa ili wamwone vizuri unavyombandua."

Akapanda. Akaweka ncha ya patasi chini ya mguu wa yule jamaa wa kofia ya chuma. Na mimi, sitaki kukudanganya, moyoni nilikuwa nasema bandua, baba watoto, bandua haraka twende nyumbani na barua. Akainua nyundo. Nyundo ikakaa juu muda mrefu mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha akaishusha, akashuka na yeye, akamkabidhi Mkurugenzi patasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote za kiserikali.

"Bandua wewe, mheshimiwa. Mimi nakaimu tu."

Mkurugenzi akaipokea kabla hajajua anapokea nini. Alitaka kumpa Mtaalamu, Mtaalamu akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Alitaka kumpa askari, askari akakumbuka ana kazi getini. Simu za watu zote zilikuwa juu. Mwishowe akasema, "Tutaonana ofisini," akaingia ndani na patasi yake.

Tulitoka pale sisi watatu kwa miguu. Nilitegemea mama atafurahi, atamkumbatia, maana ndivyo ninavyojua watu wanavyofanya. Wapi! Hatujafika hata kona ya kwanza alimgeukia mwanawe, machozi yanamtiririka, anamgombeza kwa sauti ya mtaa mzima kusikia.

"Mpumbavu wewe! Nimekubebea barua mpaka mlangoni kwao, unairudisha! Kigae ni kitu gani? Ningetengeneza kingine kesho! Lini utapata cheo tena, lini? Nikifa?"

"Mama," mume wangu akasema. "Siku ile nilipoziuza zile mashine..."

"Nyamaza! Nani amekuuliza habari za mashine?"

"Nisamehe, mama."

Mama alimkamata mkono, juu kidogo ya kiganja, vile anavyokamatwa mtoto kabla ya kuvuka barabara kubwa, akaanza kumburuta, huku bado anamwita mpumbavu. Na Kaimu wangu, mtu mzima mwenye kipara, mbele ya watu wote wanaomjua, alikubali kuburutwa. Mimi nilikuwa nyuma yao na kitana changu, nina hasira naye, maana barua ndiyo imekwenda hivyo na hairudi, na sijawahi kumpenda mtu yule kama nilivyompenda saa ile. Tulipofika mlangoni kwetu mama alikuwa amechoka kugombeza, lakini mkono hakuuachia.